Magaga ya visigino: kuyatibu nyumbani kwa beseni, jiwe na mafuta ya nta

Mwezi wa saba, kipupwe kikiwa kimekaza na jua la Nairobi limejificha wiki nzima, ndipo saluni yetu ya Ngara hujaa watu wenye visigino vilivyopasuka. Mwaka jana aliingia mama mmoja anayeuza mboga Muthurwa, akaketi, akavua kiatu kimoja tu. "Mwanangu, huu mguu mwingine usiutazame," akaniambia. Nilimbembeleza mpaka akauvua. Ufa ulikuwa umeingia ndani hadi nyama nyekundu inaonekana, na kando yake palikuwa na alama za wembe, zimenyooka kama mistari ya daftari. Kwa miaka mingi alikuwa akijikata magaga kila Jumapili, halafu kila asubuhi anapaka mafuta tele kabla ya kutoka kwenda sokoni. Mafuta hayakuwa yamekosekana kwenye mguu ule. Kilichokosekana ni maji.

Naomba ulishike hilo kabla hujaweka sufuria jikoni. Kwingineko mwilini ngozi hujipaka yenyewe: tezi ndogo hutoa mafuta, na mafuta hayo huzuia maji yaliyo ndani ya ngozi yasipotee. Wayo hauna tezi hizo hata moja. Una tezi za jasho tu, ingawa ni nyingi mno. Tena ngozi yake ni nene: tabaka la juu hufika milimita 1.5, wakati kwenye kope halifiki hata milimita 0.1. Ngozi nene namna hiyo ikikauka hukakamaa. Ukikanyaga, nyama laini ya kisigino hutanuka pembeni, ngozi iliyokakamaa inashindwa kuifuata, inapasuka. Ukipaka mafuta juu ya ngozi iliyokwisha kukauka, unaufungia ukavu humo humo ndani. Kwa hiyo maji kwanza, mafuta baadaye, na kati ya hayo mawili usiache muda upite.

Mji wetu nao hausaidii. Tuko juu zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa hukauka Januari hadi Machi, na vumbi la miezi hiyo hufyonza unyevu miguuni. Kipupwe kikija, tunaoga maji ya moto sana ili tupate joto, na maji ya moto huondoa hata yale mafuta kidogo uliyopaka jana. Wenzetu wa Syokimau na pande za Athi River wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi, yale ambayo sabuni inakataa kutoa povu, huathirika zaidi. Mabaki ya sabuni hubaki kwenye ngozi na kuikausha. Ukiishi huko, suuza miguu mara mbili.

Kwanza itazame miguu yako

Keti penye mwanga wa mchana, miguu ikiwa safi na mikavu. Geuza wayo juu. Kama huufikii, weka kioo sakafuni au mwombe mtu wa nyumbani akutazamie. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayoamua kama uendelee na mwongozo huu au uende kwanza duka la dawa.

Magaga ya kawaida huzunguka ukingo wa kisigino. Ngozi huwa ya manjano au ya kijivu, ngumu, yenye nyufa zinazoelekea chini. Haiwashi sana. Hayo yanatibika nyumbani.

Fangasi ni jambo jingine, na huwadanganya wengi. Ile ya kati ya vidole inajulikana: ngozi nyeupe iliyolowa, inabanduka, inawasha, inanuka. Lakini iko fangasi nyingine inayotandaa wayo mzima hadi pembeni mwa mguu, kavu, yenye unga unga mweupe kwenye mistari ya ngozi, kana kwamba umekanyaga unga wa ngano. Mtu hudhani ni ukavu tu, akapaka mafuta miezi sita bila nafuu. Ukiona unga huo, hasa ukiwa kwenye mguu mmoja kuliko mwingine, au kucha zimekuwa nene na za manjano, nunua krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1. Paka mara mbili kwa siku, na uendelee wiki mbili baada ya dalili kutoweka. Wengi huacha siku ya tano kwa sababu muwasho umekwisha, na mwezi haupiti kabla haijarudi. Dawa za nyumbani hapa hazitoshi, nami sitakudanganya kwamba kitunguu saumu kitaiondoa.

Kama kuna kidoa cheupe chenye nukta nyeusi katikati, kinachouma na kuwasha, huyo huenda ni funza. Usimchokoe kwa pini iliyotumiwa na mtu mwingine. Nenda kituo cha afya.

Na kama una kisukari, tafadhali usiloweke miguu wala usiisugue kwa jiwe. Kisukari huua hisia za miguu polepole. Unaweza kuungua kwa maji ya moto usijue, au jiwe likakutoa jeraha, nawe ukaja kuligundua limeshaoza. Chako ni kunawa kwa maji ya uvuguvugu, kukausha vizuri, kupaka jeli juu na chini ya mguu lakini si kati ya vidole, na kuonyesha miguu kila unapohudhuria kliniki. Daktari asipokumbuka kuitazama, vua soksi mwenyewe umwonyeshe.

Vifaa

Huhitaji vingi: beseni pana linaloingia miguu yote miwili, taulo dogo la pamba, jiwe la kusugulia, soksi safi za pamba, na mafuta ambayo nitakueleza namna ya kuyapika.

Jiwe lina maneno kidogo. Jiwe zuri ni lile jepesi la volkeno lenye vitundu vitundu. Ardhi ya Longonot na Naivasha imejaa mawe hayo. Likiwa kavu, lidondoshe ndani ya maji: la kweli huelea. Mengi yanayouzwa njiani mjini hufinyangwa kwa saruji na huzama papo hapo; yana ncha kali na huacha mikwaruzo midogo ambayo kesho ndiyo mwanzo wa ufa mpya. Kila mtu awe na jiwe lake. Baada ya kutumia, lisugue kwa brashi na sabuni, ulianike juani. Jiwe linalokaa bafuni limelowa siku zote hufuga vijidudu.

Kuloweka

Maji lita tatu yanatosha, na yakitoka hapo yanafaa kwa choo, maana mgao wa maji tunaujua. Yawe ya uvuguvugu. Yapime kwa kiwiko, kwa sababu mkono uliozoea sufuria hausemi kweli. Ongeza kijiko kimoja cha sabuni laini ya maji, au usiongeze kitu. Loweka dakika 10 hadi 15. Zaidi ya hapo ngozi hukunjamana na kupoteza unyevu wake wa asili, na ukitoka majini itakauka kuliko ulivyoanza.

Watu huniuliza habari ya chumvi. Mguu uliochoka na kuvimba kwa kusimama kwenye matatu kutoka Rongai hufurahia maji ya chumvi, hilo sikatai. Lakini kisigino kikavu hakiitaki chumvi, kwani huvuta maji nje ya ngozi.

Kinachofaa kweli ni maziwa lala. Ndani yake mna asidi ya laktiki, ileile inayotiwa katika losheni za bei kubwa za kulainisha miguu. Katika maziwa ni kidogo, kwa hiyo hufanya kazi polepole na kwa upole. Huna haja ya kujaza beseni. Kabla ya kuloweka, chukua vijiko vinne vikubwa vya maziwa lala, paka visiginoni, funika kwa kitambaa kilicholowa, kaa dakika kumi, kisha suuza na uingize miguu majini. Fanya hivyo mara mbili kwa wiki. Ukiwa na ufa uliofunguka, acha maziwa mpaka ufunge.

Kama shida yako ni jasho na harufu kuliko ukavu, tumia chai. Chemsha kama vijiko vitatu vya majani ya chai katika nusu lita ya maji kwa dakika 15. Chuja, ongeza lita mbili za maji baridi, loweka miguu dakika 20 kila jioni kwa wiki moja. Tanini iliyo ndani ya chai hukaza ngozi na kupunguza jasho, na harufu hupungua kwa sababu bakteria wanaoisababisha huishi kwa jasho hilo. Ngozi itabaki na rangi kidogo ya kahawia kwa siku chache. Usichanganye na maziwa. Chai hii ni ya miguu. Na wenye magaga makavu wasiiguse, itawazidishia.

Kusugua

Ngozi ikiwa bado imelowa, shika jiwe na usugue kuelekea upande mmoja, kwa mkono mwepesi, kama dakika mbili kila kisigino. Lengo ni kuondoa ile ngozi iliyokufa inayotoka yenyewe kama uji mzito. Ukifika mahali panapohisi joto au panauma, simama. Usitafute wekundu. Mwili ukiona unachunwa, hujibu kwa kuotesha sugu nene zaidi, na ndiyo maana wale wanaojikata kwa wembe hujikuta kila mwezi wanakata zaidi.

Mara mbili kwa wiki zinatosha. Usipitishe jiwe juu ya ufa wenye damu. Zunguka kando yake.

Badala ya jiwe unaweza kutumia sukari: vijiko viwili vya sukari na kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia, ukasugua kwa vidole. Ni laini na inawafaa watoto wa shule wenye miguu iliyokwaruzwa na vumbi. Kwa magaga ya miaka mingi haina nguvu.

Mafuta ya nta, na namna ya kuyapika

Haya ndiyo ninayoyatumia mwenyewe na ninayowapikia wateja wangu. Unahitaji gramu 20 za nta ya nyuki na mililita 100 za mafuta ya nazi au ya alizeti. Wauza asali wengi wana nta ukiwaomba. Huja imefungwa kama donge la manjano lenye harufu ya mzinga. Usitumie mshumaa badala yake. Mshumaa hutengenezwa kwa nta ya petroli, mara nyingi hutiwa rangi na marashi ambayo hayakukusudiwa ngozi.

Weka maji kidogo kwenye sufuria kubwa, uyaache yachemke kwa moto mdogo. Ndani yake weka bakuli la chuma au sufuria ndogo yenye nta iliyokatwakatwa na mafuta. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, kwa hiyo maji hayahitaji kutokota kwa fujo. Usiweke nta moja kwa moja juu ya moto, hata kama una haraka. Inashika moto, na maji ukiimwagia yanautawanya. Watoto wakae mbali na jiko kabisa. Koroga kwa kijiko cha mbao hadi usione tena chembe za nta, epua, mimina katika kikopo kikavu chenye mfuniko. Kikiwa na tone la maji, mafuta yataota ukungu. Acha yapoe bila kuyagusa.

Ukitumia mafuta ya nazi utaona jambo: yenyewe huganda chini ya nyuzi 24, ndiyo maana ya Mombasa huwa maji na ya hapa Nairobi mwezi wa saba huwa jiwe. Kwa hiyo mafuta yako yatakuwa magumu wakati wa baridi. Yachukue kwa ukucha, yasugue viganjani hadi yayeyuke. Yakizidi ugumu, yayeyushe tena kwa njia ileile ukiongeza vijiko viwili vya alizeti.

Huna nta? Jeli ya kawaida ya petroli inafunga maji vizuri kuliko mafuta yoyote ya mimea, na Arimis, ile jeli ya wakamuaji wa ng'ombe, imelainisha visigino vingi hapa nchini. Parachichi lililopondwa nalo watu hulisifia. Lina mafuta, ni kweli, lakini hukauka na kudondoka kabla hujalala. Mimi ningelila.

Kupaka

Toa mguu majini. Futa kwa kugandamiza taulo, usisugue. Kati ya vidole kausha kabisa, kidole kwa kidole, maana unyevu ukibaki pale unaialika fangasi. Kisigino kiache kikiwa na unyevu kidogo.

Sasa una kama dakika tatu. Kama una gliserini, changanya kijiko kimoja na vijiko viwili vya maji kiganjani, paka kwanza. Gliserini huvuta maji na kuyashika ndani ya ngozi. Lakini ukiipaka tupu kwenye hewa kavu huyavuta kutoka kwa ngozi yenyewe, ndiyo maana huchanganywa na maji. Juu yake paka mafuta ya nta au jeli, tabaka linaloonekana. Vaa soksi za pamba, lala. Ukihofia kuteleza kwenda chooni usiku, vaa soksi ukiwa tayari umeketi kitandani.

Fanya hivi usiku kumi mfululizo: kuloweka na kupaka kila usiku, jiwe siku mbili tu kwa wiki. Siku ya tatu utahisi soksi hazikwaruzwi tena. Ngozi ya wayo huchukua wiki nne hadi sita kujibadilisha yote, kwa hiyo usihukumu kabla ya mwezi kwisha. Baada ya zile kumi, usiku mbili kwa wiki hukutosha, na asubuhi baada ya kuoga paka kidogo kabla ya viatu.

Ufa uliofunguka

Huu haulowekwi muda mrefu. Osha kwa maji safi na sabuni, kausha, jaza jeli ndani ya ufa, halafu ukunje mguu ili kingo zikutane na uzishike kwa plasta imara iliyobandikwa kukatiza ufa. Badilisha kila siku. Tembea na viatu hata ndani ya nyumba, maana sakafu ya saruji huufungua tena kila hatua. Asali safi inaweza kuchukua nafasi ya jeli kwa siku za mwanzo, inasaidia kuzuia vijidudu, ila itakulazimu ufunge bandeji juu yake au sisimizi watakutembelea.

Pakiwa na usaha, wekundu unaopanda mguuni, joto, au homa, usingoje plasta. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ambayo nakuomba usiyafanye

Ndimu kwenye nyufa. Ni asidi kali, inaunguza, na ukitoka juani maji ya ndimu yakiwa kwenye ngozi hukuachia mabaka meusi yanayokaa miezi. Magadi na soda ya kuokea nazo huharibu kwa upande mwingine: ngozi ni ya asidi kidogo, nazo ni za alkali, zinavunja ule ukuta tunaojaribu kuujenga. Jik, mafuta ya taa na dawa ya meno havina kazi mguuni. Wembe nimeshausema.

Na nyinyi wa mjengo: saruji iliyolowa ni alkali kali, inaunguza polepole bila kuuma mwanzoni. Ikiingia ndani ya gambuti, vueni na muoshe pale pale, msingoje jioni.

Viatu

Patipati na sandali zilizo wazi nyuma huacha kisigino kitanuke pembeni kila unapokanyaga, na hapo ndipo nyufa huzaliwa upya. Ukisimama kutwa sokoni au dukani, vaa kiatu kilichofungwa nyuma chenye soli laini. Kiatu cha mtumba cha Gikomba hakina ubaya, lakini toa soli ya ndani ya aliyekivaa kabla yako, weka mpya, na ukianike juani siku mbili. Soksi badilisha kila siku. Mvua ya masika ikikulowesha, beba jozi kavu kwenye mkoba.

Yule mama wa Muthurwa nilimwambia aje baada ya wiki tatu. Usiku alipaka, wembe akautupa, lakini mguu mmoja ulikuwa bado mgumu. Nikamwelekeza kwenye krimu yenye yurea, asilimia 25, ambayo huyeyusha sugu ngumu zaidi ya chochote cha jikoni. Nawe kama mwezi umepita na kisigino hakijabadilika, fanya vivyo hivyo: ulizia krimu ya yurea, uipake usiku mahali pa mafuta ya nta, na ukiona bado, daktari wa ngozi akutazame kama ni ukurutu, soriasisi (ugonjwa wa ngozi yenye magamba) au tatizo la tezi ya shingo, kwa maana hayo yote yanaweza kujionyesha kama visigino vikavu.